Umeme Umerudi, Broka Anakufukuza: Mwongozo Kamili wa Namba za Mfuatano za FIX Unapounganisha Upya

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Laini ilikatika, ikarudi, programu inajaribu kuingia, broka anaifukuza. Kwenye logi kuna mstari mmoja: "MsgSeqNum too low, expecting 4172 but received 1", yaani namba ya ujumbe ni ndogo: ilisubiriwa 4172, imekuja 1. Na karibu kila anayeniuliza ameshafanya jambo moja kabla ya kuuliza: amefuta folda ya hifadhi (panapotunzwa jumbe na namba za kikao) ili "aanze vizuri".

Mwongozo huu ni wenu mnaotunza muunganisho wa FIX (lugha ya jumbe zenye namba ambayo programu yako na broka hutumia kupeana oda) kati ya biro ya hapa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi na broka wa ng'ambo, hasa mnaokinga bei ya shaba kwenye soko la metali la London. Historia ya FIX nimeiacha. Mifano ni ya FIX 4.4 na injini (programu zinazozungumza FIX) za familia ya QuickFIX, ila kanuni za namba hazibadiliki ukitumia injini nyingine.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa chochote

Hati ya masharti ya muunganisho uliyopewa na broka. Ndani yake tafuta mambo manne: kikao kinaanza na kuisha saa ngapi na kwa saa ya mji gani; namba zinarudi 1 kila siku au kila wiki; wanakubali tagi (namba ya sehemu ya ujumbe) 141=Y au hawaikubali; na jumbe za zamani wanaweza kuzituma tena kwa muda gani. Kama hati haisemi, waandikie leo. Usisubiri siku ya matatizo.

Namba ya simu ya dawati lao la msaada, imeandikwa kwenye karatasi. Umeme ukikatika, namba iliyo ndani ya ordinatere haikusaidii.

Ruhusa ya kufungua folda ya hifadhi na folda ya logi kwenye seva yako.

Saa iliyosawazishwa kwa NTP, yaani kupitia mtandao. Tagi 52 hubeba saa ya UTC, na QuickFIX isipobadilishwa hukataa ujumbe uliopishana na saa yake kwa zaidi ya sekunde 120. Seva iliyozimika ghafla na betri yake ya ndani imechoka huamka na saa ya uongo, nawe utahangaika na namba kumbe tatizo ni saa.

Orodha ya oda zako zilizo hai, kutoka mfumo wako wa ndani, na njia ya kuzuia oda zisitoke bila kuzima programu nzima.

Tagi utakazokutana nazo: 34 ni namba ya mfuatano ya ujumbe. 35 ni aina ya ujumbe. 43=Y inasema ujumbe huu huenda ulishatumwa. 7 na 16 ni mwanzo na mwisho wa jumbe unazoomba zitumwe tena. 36 ni namba mpya inayofuata. 123=Y ni kuziba pengo, 123=N ni kulazimisha namba. 141=Y inaomba pande zote mbili zirudi 1.

## Jambo moja la kuelewa kwanza

Kila upande hutunza namba mbili: ile atakayotuma sasa na ile anayoisubiri kutoka kwa mwenzake. Fikiria boni za kupokelea mzigo. Dereva ametoka Kasumbalesa na boni 56, kisha anayefuata anakuja na 58. Hufungui kitabu kipya cha boni na kuanza na 1. Unauliza 57 iko wapi, maana kuna lori lenye mzigo nyuma ya karatasi hiyo.

FIX inafanya hivyo hivyo. Namba ikija sawa na unayoisubiri, unapokea. Ikija kubwa zaidi, kuna pengo, unaomba kutumiwa tena. Ikija ndogo bila 43=Y, ni kosa kubwa na kikao kinakatwa. Kurudisha namba kwenye 1 hakuleti jumbe zilizopotea. Kunafuta ushahidi kwamba zilikuwepo.

## Hatua ya 1: Funga bomba la oda

Zuia oda mpya zisitoke, kisha simamisha programu isiendelee kujaribu kuunganisha.

Kwa nini: programu nyingi hupanga oda kwenye foleni laini ikiwa imekatika. Kikao kikirudi, zote zinamwagika kwa pamoja, kwa bei ya nusu saa iliyopita. Tena QuickFIX hujaribu kuunganisha kila baada ya sekunde 30 usipoielekeza vingine, na kila Logon (ujumbe wa kuingia) inayotumwa inakula namba moja ya kwako. Nimeona watu wakiiacha ijaribu hadi namba yao ipande na kufikia ile broka anayoisubiri, wakashangilia kwamba "imepita yenyewe". Namba zimelingana, lakini hakuna aliyeangalia kilichokuwa ndani ya pengo.

Dalili kwamba umefaulu: logi imetulia, hakuna 35=A, yaani Logon, mpya inayotoka.

## Hatua ya 2: Nakili folda kabla ya kuigusa

Programu ikiwa imezimwa kabisa, nakili folda nzima ya hifadhi na folda ya logi mahali pengine, kwa jina lenye tarehe na saa. Usinakili programu ikiwa inatembea. Faili inaweza kuwa imeandikwa nusu.

Ndani ya hifadhi kuna faili ya jumbe zenyewe, faili ya kuonyesha ziko wapi, faili ya wakati kikao kilipoanza, na faili inayoishia na .seqnums. Fungua hiyo ya mwisho. Utaona kitu kama hiki:

`0000004172 : 0000009860`

Kushoto ni namba utakayotuma sasa. Kulia ni namba unayoisubiri. QuickFIX/J (toleo la Java) huzitenga kwenye faili mbili, senderseqnums na targetseqnums, maana ni ile ile.

Onyo: faili hiyo ikiwa tupu au ina sifuri tupu baada ya umeme kukatika, hifadhi imeharibika. Namba bado unaweza kuzipata kwenye logi: tafuta 34 ya mwisho uliyotuma na 34 ya mwisho uliyopokea, kisha ongeza moja kwa kila upande.

## Hatua ya 3: Andika namba nne kwenye karatasi

Mbili ni zako, umeshazipata. Mbili ni za broka. Yake anayoisubiri mara nyingi utaikuta kwenye tagi 58 ya ujumbe wa Logout aliokufukuza nao. Yake atakayotuma, piga simu uulize. Usiogope kupiga, watu wa dawati lile wanaulizwa hivyo kila siku, na dakika tano za simu ni nafuu kuliko oda iliyorudiwa.

Karatasi yako iwe hivi:

Sisi: tutatuma 4172, tunasubiri 9860.
Broka: atatuma 9874, anasubiri 4172.

Sasa soma. Yeye anasubiri 4172 nasi tutatuma 4172, upande huo ni mzima. Sisi tunasubiri 9860 naye atatuma 9874, kwa hiyo kuna jumbe 14, kuanzia 9860 hadi 9873, alizozihesabu yeye na sisi hatunazo. Nyingi zitakuwa mapigo ya kuonyesha yu hai. Moja inaweza kuwa taarifa kwamba shaba yako imeuzwa.

## Hatua ya 4: Chagua njia kwa kutazama karatasi

Broka yuko mbele ya unayoisubiri. Ni mfano wetu, na ndio wa kawaida kuliko yote. Usibadilishe namba yoyote. Ingia kama kawaida; itifaki yenyewe itaomba jumbe zilizokosekana. Nenda hatua ya 6.

Wewe uko mbele ya anayoisubiri broka. Unatuma 4180, yeye anasubiri 4172. Ataomba utume tena. Jumbe za utawala, yaani Logon, mapigo na ndugu zao, hazitumwi tena; unaziba nafasi zake kwa 35=4 (ujumbe wa kuweka namba upya) yenye 123=Y. Shida ni oda. Injini yako inaweza kutuma tena oda mpya, 35=D, ya nusu saa iliyopita ikiwa na 43=Y. Kama broka hakuwahi kuipokea, kwake ni oda halali. Mimi oda ya zamani siiruhusu itoke: nafasi yake naiziba, kisha mwenye oda anaamua kama bado anaitaka.

Namba yako ni ndogo kuliko anayoisubiri. Unatuma 4100, yeye anasubiri 4172. Hutokea ukirudisha nakala ya zamani ya seva au ukifuta hifadhi. Kabla ya kupandisha namba, jiulize: zile 72, kuanzia 4100 hadi 4171, zilibeba nini? Zisome kwenye logi ya zamani. Ukishajua, programu ikiwa imezimwa, andika 4172 upande wa kushoto wa faili. Upande wa kulia uache kwenye namba ya mwisho unayoweza kuithibitisha, ili broka akurudishie kilichobaki.

Hakuna namba inayoaminika upande wowote, au broka mwenyewe anasema turudi 1. Hapo tu ndipo hatua ya 7 inakuhusu.

Kosa jingine ninalolikuta sana: mtu anatuma 35=4 yenye 123=N na 36=1, akidhani ndiyo njia ya kurudi 1. Haiwezekani. Ujumbe huo hupandisha namba tu, haushushi. Utakataliwa kwa sababu namba 5 ya tagi 373, thamani isiyo sahihi. Kurudi 1 katikati ya kikao ni kwa Logon yenye 141=Y peke yake.

## Hatua ya 5: Kagua saa za kikao

Pita haraka hapa kama kosa lako halihusiani na muda. Ila kama linakuja kila mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, umelipata.

Lubumbashi iko UTC+2 mwaka mzima. London iko UTC wakati wa baridi na UTC+1 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Soko la kielektroniki la London hufunguliwa saa 01:00 na kufungwa 19:00 kwa saa ya huko: kwetu ni 03:00 hadi 21:00 wakati wa baridi yao, na 02:00 hadi 20:00 wakati wa joto yao.

Injini yako hurudisha namba kwenye 1 inapovuka StartTime na EndTime ulizoandika kwenye mipangilio yake. QuickFIX husoma saa hizo kama UTC usipoielekeza vingine. Ukiandika saa ya Lubumbashi, utakosea mwaka mzima; ukiandika UTC isiyobadilika wakati broka anafuata saa ya London, nusu ya mwaka utakuwa unarudi 1 saa moja kabla yake au baada yake. Unaingia na 1, yeye anasubiri maelfu.

Kwenye QuickFIX/J andika TimeZone=Europe/London na saa za London zenyewe. Na ukague seva imewekwa saa gani: fundi aliyezoea Kinshasa ataweka Africa/Kinshasa, ambayo ni UTC+1. Yetu ni Africa/Lubumbashi.

## Hatua ya 6: Ingia na utazame pengo likijazwa

Kwenye mipangilio ya injini hakikisha ResetOnLogon, ResetOnLogout na ResetOnDisconnect (za kurudisha namba 1) zote ni N, na PersistMessages ni Y. Bomba la oda bado limefungwa. Washa programu, fungua logi, usiondoe macho.

Nimeacha tagi 8, 9, 10 na majina ya pande mbili ili isomeke. Sisi:

`35=A|34=4172|52=20250611-15:52:07|98=0|108=30|`

Hiyo 15:52 ni UTC; saa ya ukutani hapa ni 17:52. Broka anajibu:

`35=A|34=9874|52=20250611-15:52:07|98=0|108=30|`

Tulisubiri 9860, imekuja 9874. Injini inaomba:

`35=2|34=4173|7=9860|16=0|`

Sifuri kwenye 16 maana yake "hadi mwisho". Kisha zinakuja:

`35=4|34=9860|43=Y|123=Y|36=9866|`
`35=8|34=9866|43=Y|122=20250611-15:44:31|17=E5521|11=LSH-07|54=2|38=4|39=2|14=4|151=0|`
`35=4|34=9867|43=Y|123=Y|36=9875|`

Mstari wa kwanza unasema: kuanzia 9860 hadi 9865 hakuna cha maana, ruka hadi 9866. Wa tatu unaruka hadi 9875. Wa kati ndio wenye mali. Oda LSH-07 ya kuuza loti 4 ilitimizwa yote saa 15:44:31, tukiwa gizani. Loti moja ya shaba London ni tani 25, kwa hiyo hizo ni tani 100.

Maonyo mawili. Kuna programu zinazotupa kila ujumbe wenye 43=Y zikidhani ni marudio. Ukifanya hivyo, mstari ule wa kati umeupoteza. Angalia tagi 17: kama kitambulisho hicho hujawahi kukiona, ni taarifa mpya kwako, ipokee. Kama umeshakiona, ndipo uiache.

La pili: wakati unajaziwa pengo, jumbe mpya zinaweza kuingia zikiwa na namba kubwa. Usitume ombi jingine la 35=2 kwa kila moja. Zihifadhi hadi pengo liishe. Maombi yanayorudiwa yanazaa majibu yanayorudiwa, na broka anaweza kukukata.

Dalili ya kufaulu: unasubiri 9875, hakuna 35=2 mpya, na ukituma 35=1 (ujumbe wa kupima laini) yenye neno lolote kwenye tagi 112, jibu la 35=0 linarudi na neno lile lile.

Kama wewe na broka mnatumia tagi 789, kila mmoja anataja kwenye Logon namba anayoisubiri, na pengo linajazwa bila ombi la 35=2. Ni njia safi. Muulize broka kama anaikubali.

## Hatua ya 7: Kurudi 1 kwa makubaliano

Niwaeleze kwanza kwa nini nalishikilia hili. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, umeme ulikatika jioni, jenereta ikachelewa, na onduleri ikaisha nguvu. Seva ilipoamka, tulikuwa na haraka. Tukafuta hifadhi, tukafukuzwa kwa namba ndogo, tukaweka ResetOnLogon=Y, tukapita mara moja. Mfumo wetu ulionyesha oda ya kuuza loti 4 haina jibu. Tukaituma upya. Ile ya kwanza ilikuwa imeshatimizwa dakika chache baada ya giza. Asubuhi tulikuwa tumeuza loti 8. Tani 100 za ziada, na kila dola 10 ambazo bei ya tani ilipanda zilitutoa dola 1,000. Taarifa ya ile oda ya kwanza ilikuwa imesimama kwenye foleni ya broka ikitusubiri tuiombe. Sisi wenyewe tuliifuta.

Kwa hiyo, kama hakuna njia nyingine:

1. Piga simu, mkubaliane waziwazi kwamba mnarudi 1 na saa gani.
2. Kabla ya kurudi, omba orodha ya oda zote na mauzo yote ya kikao hiki kwa njia nyingine, barua pepe au ukurasa wao wa wateja. Isome.
3. Pande zote mbili zitoke.
4. Weka ResetOnLogon=Y, washa. Logon yako iwe na 34=1 na 141=Y. Jibu lake pia liwe na 34=1 na 141=Y. Jibu likikosa 141=Y, toka, piga simu tena.
5. Rudisha ResetOnLogon=N siku hiyo hiyo. Usiseme kesho.

Kuna mahali ambapo ResetOnLogon=Y ya kudumu haina madhara: kikao cha bei tupu, kisichobeba oda. Bei ya dakika kumi zilizopita hakuna anayeihitaji. Ila kisiwe kikao kile kile cha oda.

## Hatua ya 8: Linganisha oda, ndipo ufungue

Namba kulingana si sawa na vitabu kulingana. Chukua orodha yako ya oda hai, na kwa kila tagi 11 ambayo hali yake huna uhakika nayo, uliza kwa 35=H kama broka anaikubali. Kisha linganisha jumla ya loti ulizonunua na kuuza na ile ya broka.

Tufanye watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaweka alama. Kichwa kilichochoka jioni husoma kile kinachotaka kuona. Oda iliyokwama kwenye foleni ya ndani ifutwe, mwenye nayo aiandike upya kwa bei ya sasa kama bado anaitaka. Usijaribu laini kwa oda ndogo ya kweli; 35=1 inatosha.

Ukimaliza, fungua bomba, na uandike kwenye daftari: saa laini ilipokatika, saa iliporudi, namba nne, njia uliyochagua, jina la uliyezungumza naye.

## Zoezi la kufanya umeme ukiwepo

Broka wengi wana mazingira ya majaribio. Yatumieni. Chagueni saa moja kila mwezi na mvunje muunganisho kwa makusudi, mara tatu.

Kwanza, chomoa waya wa mtandao oda ikiwa hai, muombe broka aitimize, kisha rudisha waya. Taarifa lazima ije na 43=Y na mfumo wako uipokee.

Pili, zima seva kwa kukata umeme wake kabisa, si kwa amri ya kuzima. Tazama faili ya .seqnums imebaki na nini.

Tatu, weka hifadhi ya juzi badala ya leo, uingie, ufukuzwe, kisha mpe kijana mgeni kwenye zamu karatasi tupu na kalamu. Aandike zile namba nne yeye mwenyewe kabla hajagusa kibodi.